Ngoma ya Wataliano

Redio niliinunua Mapinga, kando ya lami, kwa yule muuza vitu vilivyotumika Ulaya anayepanga friji na baiskeli za watoto mchangani kama mtu anayeanika dagaa. Nyeusi, spika mbili kubwa, na mdomo wa kumezea sidii. Vijana wa bodaboda waliokuwa kijiweni wakacheka. Niliyaona mabega yao. Mmoja akanigeukia kabisa ili nimsome mdomo, maana wanajua nasoma midomo.

"Mzee, kiziwi na redio wapi na wapi?"

Nikamwambia, "Mbona wewe na sura hiyo una kioo nyumbani?"

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka yeye. Nikabeba redio yangu begani nikaondoka.

Lakini alichouliza kilikuwa na maana. Nalinda nyumba ya mtu wa Dar ambayo haijaisha, kuta tupu na nondo zimechomoza juu. Mwenyewe huja siku akikumbuka. Nina chumba cha uani, umeme upo kwa ajili ya pampu ya maji, nina mihogo yangu nyuma ya ukuta. Kuna siku jua huchomoza na kuzama sijafungua mdomo ila kupiga mswaki. Nadhani nilitaka tu kitu chenye taa, kitu ambacho ukikigusa kinakujibu.

Masikio yangu hayakuugua. Yalipigwa. Nilikuwa mzamiaji mimi, wa kamba na pweza, tangu nilipoacha shule darasa la nne. Asubuhi moja nilikuwa chini, mkono umo ndani ya tundu la mwamba, na juu yangu mtu akatupa baruti kwenye kundi la samaki. Mtumbwi wangu aliuona. Ulikuwa unaelea pale pale, shati langu limefungwa kwenye kafi. Mtu huyo ni mume wa dada yangu mkubwa, na simsingizii. Nilipoibuka damu inanitoka masikioni na puani, nilimwona usoni, na yeye akaniona usoni, kisha akawasha mashine ya boti akaenda zake.

Huyo wa kwanza. Wa pili ni tajiri mwenye makasha ya barafu pale soko la samaki, aliyekuwa akinunua samaki ambao ukiwashika mgongoni mifupa imesagika, naye akijua vizuri imesagwa na nini. Wa tatu ni mwenyekiti wa mtaa wetu wa wakati ule. Milipuko ilikuwa inatikisa vikombe kabatini kwake, na yeye akiwaambia watu kuna mahali wanapasua mawe. Majina yao siyaweki hapa. Wenyewe wanajijua, na Dunda nzima, kwetu nilikozaliwa, inawajua.

Sikio la kulia likafa. La kushoto limebakiza vitu vizito: lori la kokoto, geti la chuma, radi. Sauti ya mtu haiingii mpaka anipigie kelele karibu, na hapo huja kama ya mtu aliyeko ndani ya pipa. Nafasi iliyobaki imejaa mluzi. Mluzi huo haulali wala haupumziki, nami sijawahi kukutana na mtu wa kumwambia unavyolia.

Sasa nieleze jinsi walivyolizika jambo hili, maana hawakulizika kwa rushwa wala kwa bunduki. Walilizika kwa ngoma.

Kwetu pwani mtu akipatwa na kitu kisichoeleweka, husemwa amepigwa na pepo. Basi anapungwa. Anakalishwa mkekani, anafukizwa uvumba, na fundi anapigisha ngoma. Kila pepo ana ngoma yake. Fundi hujaribu hii, hujaribu ile, mpaka aiguse anayoipenda yule pepo. Hapo mgonjwa hutikisika, na pepo husema kwa kinywa cha mgonjwa yeye ni nani, ametoka wapi, kwa nini amempiga mtu huyu, na anataka apewe nini ili amwache. Akisema, imekwisha. Neno la pepo halirudiwi, wala hakuna wa kulipinga.

Aliyesema mimi nimepigwa na pepo wa baharini ni shemeji yangu huyo huyo. Yeye ndiye aliyemleta fundi, yeye ndiye aliyenunua mbuzi. Walinipigia ngoma kutwa, na siku ya pili wakaendelea, na mimi nimekaa katikati kama gunia la chumvi. Fikiria mwenyewe, kiziwi anapigiwa ngoma! Fundi akajifuta jasho akasema pepo wangu ni mkaidi, ngoma yake haijapatikana. Watu wakala mbuzi wakatawanyika. Habari ya baruti nayo ikatawanyika pamoja nao, kwa sababu ikishasemwa ni pepo, nani atakwenda polisi kumshitaki pepo?

Ndiyo maana nikahama Dunda nikaja kulinda kuta za mtu.

Turudi kwenye redio. Nilichomeka umeme, taa ya buluu ikawaka, nikabonyeza kila kilichobonyezeka. Namba zikaanza kutembea, kumbe ndani kuna sidii ya mwenyewe wa kwanza huko Ulaya, ameisahau. Sikusikia kitu. Nikazungusha kitufe cha sauti mpaka kikagoma. Bado. Nikainama ninuse kama waya zinaungua, na katika kuinama taya langu likagusa sanduku la redio.

Ngoma zilinipanda kwenye mfupa. Si sikioni, kwenye mfupa wenyewe, zikapita taya zikaingia kichwani kwa mlango wa uani. Zilikuwa mbio, mbio ambazo sijazijua mimi niliyekulia kwenye ngoma, kama wanawake kumi wanaotwanga kinu kimoja na hakuna mchi unaogongana na mwenzake. Chini yake gitaa zito linakimbia nazo sambamba. Nilijitoa, kichwa kikabaki na mluzi. Nikalaza taya tena, na mluzi ukafukuzwa. Niliona ni bora kuliko dawa zote nilizopewa. Nikapiga magoti sakafuni na taya juu ya redio mpaka magoti yakafa ganzi.

Baada ya hapo kila alasiri nikishamwagilia mihogo nalaza taya. Nikaijua ile sidii kama nilivyoyajua mapango ya mwamba, kwa kugusa. Nyimbo zake ni fupi, mtu hana muda wa kuchoka nazo. Wimbo ukiisha unakatika kama umekatwa kwa shoka, kinakuja kimya kidogo, halafu vijiti vinagongwa na mbio zinaanza upya. Katikati kuna wimbo mmoja ambao baada yake kimya ni kirefu kuliko vyote, kirefu hadi mara ya kwanza nilidhani umeme umekatika. Nilikuwa nakingoja kimya hicho, nashusha pumzi ndani yake.

Siku moja nina safari ya Bagamoyo mjini, nikaitoa sidii nikaifunga kwenye leso nikaipeleka steshenari, kwa yule binti anayenichapia barua za mwenye nyumba. Maandishi ya juu yalikuwa yamekwanguka, imebaki picha ya mbwa amesimama juu ya ubao wenye magurudumu.

"Shikamoo baba. Leo umeleta nini?"

"Marahaba. Niangalizie hawa ni watu gani."

Akaiingiza kwenye kompyuta yake, akaruka kwenye kiti kama amekanyaga moto, akapunguza sauti. Nilimwona anacheka. Akatafuta kwenye simu, akatafuta tena, kisha akaniandikia kwa herufi kubwa anavyonifanyiaga siku zote: NI WATALIANO BABA. HAWANA JINA KUBWA. NI PANKI, MUZIKI WA KELELE WA VIJANA WANAOCHEZEA MBAO ZA MAGURUDUMU.

Nikamwambia wanajua kupiga, ila sijaelewa kwa nini hawakutafuta mwimbaji.

Akanitazama. Akaandika taratibu: YUPO. ANAIMBA MWANZO MPAKA MWISHO.

Muda wote ule kulikuwa na mtu mle ndani anasema na mimi, na sikumsikia hata neno. Nikatazama nje, bajaji zinapita, naye akangoja. Mtoto wa watu ana adabu.

"Anasema nini?" nikamuuliza baadaye.

Akarudisha nyuma, akasikiliza, akachezea kalamu. Kiingereza chao alisema kimepinda lakini kinaeleweka. Akaandika: AMERUDI MTAANI KWAO, RAFIKI ZAKE WAMEHAMA WOTE, ANAONGEA NA UKUTA. Halafu wimbo mwingine: ANASEMA HATASAMEHE. HASEMI NI NANI.

"Akamtaje," nikasema. "Anaogopa nini?"

Binti akacheka mpaka akafunika mdomo kwa mkono. Mimi sikuwa natania.

Dada yangu huja kunitazama mara moja moja. Alasiri aliyokuja nilikuwa sakafuni, taya juu ya redio, na sikumwona mpaka aliponishika bega. Nikageuka, nikamkuta na mkoba wake, jasho linamtoka, na nyuma yake getini watu wamejaa kama pana msiba. Ndipo nilipojua. Kwa akili yangu ngoma zile zilikuwa ndani ya kichwa changu peke yangu. Kumbe nilikuwa nawapigia majirani wote, kila siku, sauti ya mwisho, na hakuna aliyethubutu kuja kuniambia.

Dada akazima. Akanishika uso kwa mikono miwili, akaninenea kwa kelele kwenye sikio la kushoto. "Unalia! Unajua kama unalia?"

Nikajifuta. "Ni muziki tu, dada."

"Muziki! Nimesimama hapa nakutazama. Mguu unatetemeka, bega linatetemeka, machozi yanakutoka. Miaka yote tunahangaika na ngoma za watu wengine, kumbe pepo mwenyewe Mzungu!"

"Dada, hawa ni Wataliano, wanapiga panki, nimeulizia mjini..."

"Si ndiyo nasema! Hata kabila lake unalijua!"

Utabishana vipi na mtu kama huyo? Akakaa kitandani, akanitolea vitumbua kwenye mkoba, na huku nakula akanipangia maisha. Fundi ataitwa. Ngoma itapigwa nyumbani Dunda, mchana, watu waalikwe. Pepo akishasema na kutoka, mimi narudi nyumbani.

"Chumba cha mama kipo," alisema, na hilo alilisema polepole mbele ya macho yangu, nilisome vizuri. "Nimekifagia. Utakula na watu."

"Na mumeo?"

"Amekubali. Spika kubwa atakodi yeye."

Bila shaka alikubali. Shemeji siku hizi yumo kwenye kamati ya kulinda bahari, anatembea na koti la kamati hata juani, anawafundisha vijana ubaya wa baruti. Lakini wavuvi wana midomo, akipita pale soko la samaki kuna wanaokohoa. Pepo akisema mwenyewe, mbele ya watu, kwa kinywa changu, kwamba yeye ndiye aliyenipiga, nani atakohoa tena?

Niliyajua yote hayo na kitumbua kiko mdomoni. Na bado nikasema ndiyo.

Msinilaumu mpaka mkae mwaka mmoja kwenye kuta za mtu. Mtu akila peke yake muda mrefu, hufika mahali akawa anajitengea sahani mbili. Nilitaka kukaa kwenye mkeka, mikono mitano kwenye sinia moja, mtu aniambie sogea. Nikajisemea, baruti nimeshapigwa, haitarudi ndani ya chupa yake. Watasema pepo, waseme. Ukweli haujawahi kunipikia chai.

Siku yenyewe walinikalisha ukumbini, katikati, na shuka nyeupe. Uvumba ulijaa mpaka macho yanawasha. Shangazi zangu walikuwepo, na majirani ambao sikuwaona tangu nihame, na kila aliyeingia alinishika mkono, wengine wakaushikilia. Muda mrefu sijashikwa mkono na watu wengi hivyo. Uani niliona masufuria ya pilau yamefunikwa makaa. Mwenye spika, kijana wa kupiga muziki kwenye harusi, alikuwa amejibanza pembeni, anaishika ile sidii kwa ncha za vidole kama inauma. Fundi ni yule yule, amezeeka. Na mlangoni shemeji, na koti lake la kamati, ameshika mrashi, anawanyunyizia wageni marawaridi.

Muziki ukawashwa. Spika zilikuwa ndefu kuliko mimi, na sakafu ile ya saruji ikawa redio nzima. Ulinipanda kwa miguu, kwa makalio, kwa kifua. Wanawake walijaribu kuupigia makofi, wakapotea. Wakajaribu kuuyumbia mabega, mabega yakashindwa. Nikamsoma shangazi yangu mkubwa akimwambia mwenzake, "Ngoma gani hii haina pa kuweka mguu!" Mwenzake akamjibu, "Ndiyo za kwao baridi, wanakimbia wapate joto." Nikacheka. Wakaniona nacheka, vigelegele vikapigwa, ndimi naziona zinacheza. Na niwaambie kitu, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nausikia pamoja na watu.

Fundi akanisogelea, akaniwekea mdomo kwenye sikio la kushoto, akapiga kelele. "Karibu mgeni. Umetoka wapi?"

"Ulaya," nikasema. Vigelegele.

"Una nini na kijana wetu? Ni wewe uliyempiga?"

Hapo ndipo palipobaki neno moja tu, ndiyo. Dada alikuwa amekaa pembeni yangu, amenishika shuka. Nikatazama masufuria. Nikatazama mlangoni, na shemeji alikuwa ameacha kunyunyiza. Ananitazama usoni, kama alivyonitazama siku ile kutoka kwenye boti. Uso ule ule, unangoja kuona nitafanya nini, na tayari umeshajua kwamba sitafanya kitu.

Spika zilikuwa zinanguruma. Kiziwi hajui sauti yake inafika wapi. Lakini sidii ile nilikuwa naijua kwa mfupa, na wimbo uliokuwa unapigwa ni ule wa katikati, wenye kimya kirefu baada yake. Nikamwashiria fundi asubiri. Nikaweka viganja viwili sakafuni. Gitaa likapanda, ngoma zikafukuzana kwa mara ya mwisho, zikakatika.

Nikasema, "Mimi si pepo. Ni mimi. Nilipigwa kwa baruti, na aliyeitupa ni huyo mlangoni mwenye mrashi. Aliniona."

Halafu vijiti, na mbio zikaanza upya.

Hakuna aliyesogea. Muziki unapiga kwa nguvu zote na watu wamekaa kama waliochongwa. Shemeji ndiye wa kwanza kufungua mdomo, na alilosema nililisoma bila taabu. "Pepo mwongo." Akamgeukia fundi. Fundi akatikisa kichwa juu chini. Pepo mwongo. Neno likapita mdomo kwa mdomo, shangazi zangu, majirani, pepo mwongo, pepo mwongo, mpaka likanizunguka. Ile kanuni kwamba neno la pepo halirudiwi sikuona aliyeikumbuka.

Nikamgeukia dada. Yeye hakusema hivyo. Alisogeza uso wake mbele ya wangu, karibu, na akasema bila kelele, midomo tu, ili mwingine yeyote asisikie.

"Najua. Nilijua siku ile ile." Kisha akasema, "Ungekubali tu, mdogo wangu. Ungekaa nyumbani."

Nikanyanyuka. Nilimwendea kijana wa spika nikanyoosha mkono, akanipa sidii yangu bila kuniangalia. Nikapita uani kando ya pilau, nikapita kwa mume wa dada yangu, na koti lake lilinigusa mkono. Nje nikachukua bajaji.

Nawaandika hapa kwa mara ya pili, ili asije mtu akasema nilikuwa na homa: mume wa dada yangu, tajiri wa barafu, mwenyekiti. Na wa nne, niliyekuwa simjui, dada. Hao watatu nimewazoea, huyu wa nne ndiye anayenikosesha hamu ya kula.

Ijumaa iliyofuata bodaboda akaja getini na hotpoti. Dada ameniletea pilau, nyama imewekwa chini kama nipendavyo, na ndimu pembeni. Nikala yote. Nikaliosha lile hotpoti, nikalikausha kwa kanga safi. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata kama huna kitu, utatia kipande cha muhogo, utatia ukwaju, utatia sukari kiganja kimoja, ndivyo unavyomwambia mwenzako njoo tena. Mihogo ninayo tele nyuma ya ukuta. Nikalifunga kifuniko hivyo hivyo, hamna kitu ndani, nikampa bodaboda alirudishe Dunda.

Ijumaa ya pili bodaboda hakuja. Nilitoa kiti nje tangu watu wanatoka msikitini, nikakaa getini, na kila pikipiki iliyokata kona kutoka lami niliiangalia mpaka ikapita.